Kuvua Kaa Bila Kukwaruza Mtumbwi wa Wenyewe



Likizo ndefu ya shule iko karibu, na kama ilivyo kila mwaka jamaa wengi hapa Nyamirambo na Biryogo wameanza kuniuliza habari za safari ya pwani. Wanauliza nauli ya basi kutoka Nyabugogo, wanauliza mbu, wanauliza kama watoto wao wataweza kupanda mtumbwi na kuvua kaa kama wanavyofanya wangu. Yote hayo ni maswali mazuri. Lakini bado sijapata mtu aliyeniuliza mtumbwi huo ni wa nani, na utarudi kwa mwenyewe ukiwa katika hali gani. Leo naomba niandike juu ya swali hilo ambalo halijaulizwa.

Najua baadhi yenu mtasema, huyu naye, watu wanazungumza likizo yeye anazungumza mikwaruzo! Nisomeni mpaka mwisho, halafu mhukumu.

TULIVYOZOEA SISI WA MAZIWANI

Sisi tuliokulia Rwanda maji tunayoyajua ni ya ziwa na ya mto. Tunajua Muhazi, tunajua Nyabarongo, na waliofika Rubavu au Karongi wamewaona wavuvi wa Kivu wakitoka jioni na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakienda kuvua sambaza kwa taa. (Sambaza wenyewe hawakuwako Kivu zamani, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959.) Mitumbwi ile inakwaruzwa sana, kwa sababu upande wa Rubavu ufukwe una mawe meusi ya volkano yaliyo makali kama tupa. Hata hivyo mvuvi wa Kivu akiona mkwaruzo hashtuki. Maji yake hayana chumvi, na msumari haushiki kutu upesi. Fundi ana muda wa kutosha kuufikia.

Basi mtoto wa Kigali akifika pwani anakwenda na macho hayo hayo. Anaona mtumbwi wa zamani umejaa alama, anadhani alama moja zaidi si kitu. Baharini si hivyo, na sababu yake ni kiumbe mmoja mdogo anayekula mbao.

Wengi humwita mdudu, na umbo lake ni kama mnyoo mweupe, lakini wataalamu wanamweka katika jamaa moja na chaza na kombe. Akiwa mchanga ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Anaelea majini akitafuta ubao ulio wazi. Akiupata anaingia kwa tundu dogo kama la sindano, kisha anakulia humo ndani, anachimba na kurefuka, huku lile tundu la nje likibaki dogo vile vile. Kwa nje utaona mtumbwi mzima, kwa ndani ni sega la nyuki. Na kwenye mikoko, ambako ndiko kaa waliko, viumbe hawa ni wengi kwa kuwa chakula chao, yaani miti iliyokufa, ni tele.

Jambo hili limewasumbua mabaharia wa dunia nzima. Christopher Columbus katika safari yake ya nne alilazimika mwaka 1503 kuziegesha meli zake mbili zilizobaki kwenye ufukwe wa Jamaica, kwa sababu zilikuwa zimeliwa kiasi cha kushindwa kuelea. Waingereza nao mwaka 1761 waliifunika manowari yao iliyoitwa Alarm kwa mabati ya shaba sehemu yote ya chini, ili mdudu asiufikie ubao. Waswahili hawakuwa na shaba ya kuvalisha vyombo, wao walikuwa na deheni na sifa.

Kwa faida ya vijana wetu nieleze. Deheni ni shahamu ya mnyama iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa. Hupakwa kwa mkono chini ya chombo, sehemu inayokaa majini, ndiyo maana vyombo vingi vya zamani utaviona ni vyeupe kwa chini. Sifa ni mafuta ya papa, yana harufu ambayo mtoto wa mjini hataisahau, nayo hupakwa ubao usipasuke kwa jua. Siku hizi wengi wanatumia rangi za dukani. Iwe deheni, iwe sifa, iwe rangi, kazi ni moja, hiyo ndiyo ngozi ya chombo. Mkwaruzo ni jeraha katika ngozi hiyo. Hauingizi maji leo wala kesho, ila unamfungulia mdudu mlango na kumwacha ajipitie kwa wakati wake.

MALI YA MAYATIMA

Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Rufiji, kwenye delta, upande ambao sasa uko wilaya ya Kibiti. Ndugu yake, yaani mjomba wangu, alikuwa mvuvi wa kaa. Alifariki mwaka 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha mke, watoto wanne ambao mkubwa wao alikuwa na miaka 13, nyumba ya makuti, na mtumbwi mmoja. Mirathi ikahesabiwa kama inavyotakiwa, mjane akajua thumni yake na watoto wakajua iliyobaki ni yao. Lakini mtumbwi haugawiki kwa shoka. Ukabaki wa wote kwa pamoja, na wazee wa ukoo wakakubaliana ukodishwe, na kodi yake iwalishe na kuwasomesha.

Aliyeukodi kwanza alikuwa mtu wa karibu, jina lake nalihifadhi. Alikuwa hodari wa kaa, na mtu wa watu. Kila siku fimbo yake yenye ndoana ya chuma aliilaza mahali pale pale, ubavuni karibu na tezi, ncha ikisugua ubao kila mtumbwi unapoyumba. Madema yake aliyaburura juu ya ukingo. Msimu ulipokwisha alirudisha mtumbwi na kulipa kodi yote, senti haikupungua. Mkaza mjomba alipomwonyesha sehemu iliyochubuka, yule bwana alicheka kwa upole akasema, "Mama, hiyo ni mikwaruzo tu. Mtumbwi ndivyo ulivyo."

Miezi ikapita. Fundi aliyeitwa kuupaka deheni upya akabonyeza pale kwa kidole gumba, na kidole kikaingia. Alipokata kutafuta ubao mzima, akakata, akakata, mpaka urefu wa mkono wa mtu mzima. Ikabidi kutia kiraka cha ubao mpya, na mtumbwi ukakaa juu ya magogo mwezi mmoja na nusu. Ni mwezi mmoja na nusu bila kodi, na juu yake malipo ya fundi. Binti wa pili alikuwa ndiyo kwanza anaingia sekondari. Alianza muhula kwa viatu vya kaka yake, akavijaza vitambaa mbele visimtoke.

Hakuna aliyemdai yule bwana. Mkaza mjomba alisema, "Nitamdaije mtu aliyebeba jeneza la mume wangu?" Na yule bwana naye, kwa ninavyomjua, hakuwa na nia mbaya. Angeambiwa angelipa. Hakuambiwa, na yeye hakuuliza.

Tangu siku hiyo naona hivi, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Mkwaruzo ni deni, lakini ni deni ambalo mwenye mali anaona haya kulidai. Ukivunja kafi utalipa kafi, kila mtu ameona. Ukichubua ubavu, mwenye mtumbwi atatabasamu na kukukaribisha tena. Kwa hiyo mwazimaji asipojidai mwenyewe, hakuna atakayemdai. Na mali ya yatima sote tunajua uzito wake, sina haja ya kuwatolea mawaidha.

KITU GANI HASA KINACHOKWARUZA

Tangu mwaka 2019 yule kijana mkubwa ndiye anayeuendesha mtumbwi wa baba yake, na sisi tumekwenda kwao likizo kadhaa. Kila tunapokwenda natazama kwa makini. Wageni wengi hudhani adui ni kaa mwenyewe na magando yake. Ni kweli kaa wa mikokoni ni mkubwa, anaweza kufika kilo mbili, na gando lake linavunja ganda la kombe. Lakini kaa akishafungwa hana madhara makubwa kwa ubao. Wanaoumiza mtumbwi ni wengine, nami nitawataja kwa kufuata uzito wao.

Wa kwanza ni ndoana. Maji yakipwa kaa hujificha kwenye mashimo chini ya mizizi, na mvuvi humtoa kwa fimbo ndefu yenye chuma kilichopindwa mwishoni. Mtu akirudi amechoka, matope mpaka magotini, huitupa fimbo ndani ya mtumbwi bila kufikiri. Chuma kile kinachora kila wimbi linapopita.

Wa pili ni dema. Dema likitoka majini limejaa maji na tope ni zito, na anayelipandisha peke yake hana njia ila kulivuta kifuani. Linasaga ukingo wote linapopita. Madema ya siku hizi yenye fremu ya nondo ndiyo mabaya zaidi.

Wa tatu ni chaza. Mizizi ya mkoko imejaa chaza walioganda, na ganda la chaza ni wembe. Mtumbwi ukifungwa kwenye mizizi maji yakiwa yanapwa, unashuka huku unajisugua, na hakuna anayeona kwa sababu watu wako topeni wanatafuta kaa. Siku za bamvua, ambazo ndizo nzuri kwa kaa, maji hushuka sana, kwa hiyo msuguano nao ni mrefu.

Wa nne ni mchanga. Mchanga chini ya nyayo za watoto sita ni msasa. Hauchimbi, ila unakula sifa na rangi ndani ya mtumbwi kidogo kidogo mpaka ubao unabaki mkavu.

Wa tano ni nanga ya jiwe inayotupwa ovyo. Wa mwisho ndiye kaa.

NAMNA TUNAVYOFANYA

Haya ninayoyaeleza hayana ufundi mkubwa. Mengine tumefundishwa na wenyeji, mengine watoto wameyabuni.

Kwanza, ndoana inavaa kofia. Wenyeji huchomeka ncha kwenye kipande cha kumbi la nazi. Binti yangu mwaka mmoja alitumia gunzi la mahindi ya kuchoma tuliyonunua njiani, likabana vizuri zaidi, na sasa hata wenyeji wanalitumia. Sharti ni moja, kofia haivuliwi mpaka miguu ya mvuvi iko topeni, na inarudishwa kabla mguu haujapanda mtumbwini.

Pili, ukingo tunauvisha. Gunia la katani linaloweshwa maji, linakunjwa mara nne na kulazwa pale madema yanapopandishiwa, kisha linafungwa kwa kamba lisiteleze. Msitumie gunia la nailoni, linateleza kama sabuni na kumwacha mtu na dema lake juu ya ubao mtupu. Kandambili zilizochakaa nazo ni nzuri, zikitobolewa na kufungwa kwa mstari kwenye ubavu. Msicheke kandambili. Mwaka 2018 huko Lamu lilizinduliwa dau lililopewa jina la Flipflopi, limetengenezwa kwa plastiki zilizotumika na kuvalishwa kandambili 30,000, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Sisi tunahitaji pea sita tu.

Tatu, dema linapandishwa na watu wawili. Kwanza linasukwasukwa pale pale majini mpaka tope litoke. Kisha mmoja anashika kamba na mwingine anaingiza mikono chini yake. Linainuliwa, haliburuzwi. Likifika ndani linakalishwa juu ya makuti, halikai juu ya ubao.

Nne, kaa anafungwa kabla hajaingia mtumbwini. Hii si kazi ya mtoto mdogo. Mkubwa anambana mgongo kwa fimbo au kwa unyayo akiwa nyuma yake, magando yanakunjwa mbele ya uso wake, na kamba inazungushwa juu yake na kufungwa nyuma. Kamba ya usumba inafaa, na mpira wa tyubu ya baiskeli unafaa zaidi. Kisha anawekwa kwenye pakacha lenye majani mabichi, likafunikwa kivulini. Faida ni mbili. Mtumbwi unasalimika, na kaa mwenyewe anasalimika pia, kwa sababu wanunuzi wanataka kaa hai mwenye magando yote mawili, na aliyekatika gando bei yake hushuka. Jike mwenye mayai tunamrudisha.

Tano, hatufungi mtumbwi kwenye mizizi. Tunauacha katikati ya kijito, upondo unachomekwa topeni na kamba inafungwa hapo. Mmoja wetu anabaki kwa zamu akiangalia maji, na kazi yake ni kuusogeza mtumbwi kadiri maji yanavyoshuka. Watoto hugombania zamu hii kwa sababu mwenye zamu ndiye nahodha.

Sita, miguu inaoshwa. Kila anayepanda anakaa ukingoni kwanza, miguu nje, anamwagiwa kata mbili za maji, ndipo anaigeuza ndani. Viatu vinabaki ndani ya kapu.

Hayo ndiyo yote. Ukiyahesabu hayachukui hata robo saa katika safari ya nusu siku.

JIONI YA KURUDI

Kazi haiishi pale kaa wanapofika kwa mnunuzi. Mtumbwi unapandishwa juu ya magogo ya mviringo, na pakikosekana magogo tunatandika makuti. Watu wanauinua kwa pamoja huku mmoja akihesabu. Ukiburura mtumbwi mchangani umemaliza kazi yote ya mchana.

Kisha maji yanakumbwa, tope linaoshwa, na tunaupapasa. Naam, tunaupapasa kama mama anavyompapasa mtoto aliyeanguka. Kiganja kinapita polepole kutoka omo mpaka tezi. Palipo na alama unapitisha ukucha. Ukucha ukipita bila kunasa, ni alama ya juu tu. Ukucha ukinasa, jeraha limefika kwenye ubao. Hapo panahitaji kukaushwa vizuri kwanza, maana ukiziba ubao wenye unyevu umefungia uozo ndani, kisha msasa kidogo, kisha deheni au rangi. Kila baada ya muda fundi huupitishia mtumbwi moto wa makuti kwa chini, kuukausha na kuwaua waliokwisha kuingia. Hiyo ni kazi ya fundi, watoto watazame kwa mbali.

Jioni moja mwanangu wa kiume, alikuwa na miaka 11 wakati huo, alichoka kupapasa akaniuliza, "Lakini Baba, mtumbwi huu una mikwaruzo mia. Wa kwetu mmoja utajulikanaje?"

Sikuwahi kujibu. Yule kijana wa marehemu alikuwa karibu anakunja kamba. Akamshika mwanangu mkono, akamzungusha mpaka upande wa tezi, akamwekea kiganja juu ya kile kiraka. Rangi yake mpaka leo ni tofauti na ubao wa zamani. "Huu nao haukujulikana, mdogo wangu," akamwambia. Akarudi kwenye kamba zake.

Mwanangu alikaa kimya, halafu akaanza upya kutoka omo. Tangu siku hiyo yeye ndiye mkaguzi, na akipata alama ukucha wake unaponasa haji kwangu. Anakwenda moja kwa moja kwa mkaza mjomba, anamsalimia shikamoo, anamwambia, "Bibi, leo tumekwaruza mahali, njoo nikuonyeshe." Mara ya kwanza yule mama alisema hapana neno, mwanangu, acha tu. Mtoto akasimama pale pale mlangoni hakuondoka. Ikabidi bibi avae kandambili zake, atoke, atazame. Naamini alikuwa na muda mrefu bila mtu kumwita kuja kutazama mali yake.

Usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta tunaufundisha watoto wetu tangu chekechea. Kwa mtumbwi ni zaidi ya hapo, kwa sababu ukuta utajengwa na mwingine, tena mjane, wakati wewe umesharudi Kigali unaonyesha picha za kaa.

Kabla sijasahau, wapo watakaouliza kama kaa analiwa. Wanazuoni wametofautiana. Wako wanaomhalalisha pamoja na vyote vya baharini, wako wasiomkubali, na ndani ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika Afrika Mashariki, maneno ni zaidi ya moja. Kila familia imuulize shekhe wake. Nyumbani kwa mjomba kaa ni wa kuuza, nasi tunapokuwa pale tunakula samaki wetu kwa wali wa nazi, alhamdulillah.

NA HAPA MJINI JE?

Baadhi yenu hamna mpango wa kwenda pwani mwaka huu, na mnaweza kudhani haya hayawahusu. Lakini sisi wa Nyamirambo tunaishi kwa kuazimana. Harusi ikija, masufuria makubwa yanatoka nyumba tatu, viti nyumba nne, mikeka msikitini, gari la bwana harusi kwa rafiki wa rafiki. Ni jambo jema na Mwenyezi Mungu atudumishie. Sasa hebu tujiulize, sufuria la Mama fulani limerudi likiwa na masizi yaliyokwanguliwa kwa kisu, nani alimwambia? Mkeka umetobolewa na kaa la moto, nani alikwenda mlangoni kwake akasema njoo uone? Mara nyingi tunarudisha kitu usiku, tunakiweka uani, tunasema ahsante sana dada, tunaondoka haraka. Dada anakiona asubuhi, ananyamaza. Harusi inayofuata anasema sufuria liko kwa mtu mwingine. Wala si mwongo mbaya, amechoka tu kulipa madeni ya watu.

Kaguo ile ya jioni tunaweza kuifanya hapa hapa kwa kila kitu cha kuazima. Ni kukitazama kabla ya kukipokea, kukivisha kofia kinapotumika, na kukipapasa kabla ya kukirudisha. Kisha ni kusema. Kusema ndiko kugumu kuliko kuosha.

Kwa wanaokwenda pwani, mizigo ya kuongeza ni hii: magunia mawili ya katani, kandambili zilizochakaa za nyumba nzima, tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipande, na karatasi chache za msasa. Msifungashe vitu hivyo kwenye mifuko ya plastiki. Hapa kwetu imepigwa marufuku tangu mwaka 2008, na Tanzania tangu mwaka 2019, kwa hiyo msije mkazuiwa Rusumo kwa jambo dogo. Kutoka Dar es Salaam mnashika njia ya Kibiti, na kwa upande wetu safari ya maji inaanzia Nyamisati.

Na kitu cha mwisho kiwekeni mfukoni, si kwenye begi. Tengeni pesa ya deheni. Sisemi kodi ya mtumbwi, maana mkiwa jamaa hamtatozwa. Nasema pesa ya deheni, muiache hata kama hamkukwaruza popote, na mseme wazi kuwa ni ya ngozi ya mtumbwi ili isije ikaonekana ni sadaka. Mwenye mtumbwi si maskini wa kusaidiwa. Ni mtu aliyewaazima mali ya watoto wake, nanyi mnalipa mlichokitumia.

Namuomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama, awarudishe salama, na mitumbwi ya wenyewe nayo ibaki salama.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.